Bibi yangu, zege, na lile karai la Tabata

Naishi Dar mwaka wa saba huu, Tabata, chumba na sebule, na mtungi wangu wa gesi ule mdogo wa kilo sita ulikua unanitoa hata miezi mitano maana kazi yake ilikua kuchemsha maji ya chai tu basi. Usiku nikishuka kwenye daladala napita kwa jamaa wa chipsi, namwambia nifungie zege, yaani chipsi mayai, kachumbari weka nyingi, pilipili kwa mbali, dakika kumi niko ndani nakula naangalia mpira. Nilikua naona maisha yameshapatikana hapo.

Mwaka jana baba akanipigia simu kutoka Tanga, bibi yako anakuja huko, macho yamezidi, wanasema ni mtoto wa jicho na amepangiwa kufanyiwa operesheni Dar kwahiyo atakaa kwako. Nikamwambia sawa baba hakuna shida. Kumbe shida ipo, sema sijaijua bado.

Bibi yangu ni mtu wa Ngamiani, zile barabara zenye namba, na kama bibi wote wa Pwani mi ananiita mume wangu. Kafika jioni baada ya magharibi, macho yote mawili yana ukungu, anakuona kama kivuli tu, ila pua na masikio viko kamili kuliko vya kwangu. Nikasema leo mgeni kaja ngoja nijitutumue, nikaenda kwa jamaa nikanunua zege mbili na kuku robo, nikampakulia kwenye sahani safi kabisa.

Akabonyeza kwa vidole. Akanusa. Akaniuliza, "Mume wangu, hiki kapika nani?"

"Kuna kijana hapo barabarani bibi, anapika vizuri sana."

"Anaitwa nani?"

Nikanyamaza. Wallahi miaka saba nanunua kwa yule jamaa karibu kila siku, yeye ananiita bosi mi namwita mwanangu, jina lake sijui. Sijui hata anatoka mkoa gani. Bibi akasema haya, akaisukuma sahani pembeni taratibu wala bila hasira, akaingiza mkono kwenye mkoba wake akatoa kopo la plastiki lina maandazi aliyokaanga mwenyewe Tanga asubuhi ile, akala mawili na chai ya rangi, akasema alhamdulillah, akalala. Mi nikala zege zote mbili ila kwa mara ya kwanza zilikua hazishuki vizuri.

Sasa hapo nikajiaminisha ni yale mambo ya wazee tu. Si mnawajua, kila cha kununua ni sumu, kuku wa kisasa ni dawa tupu, zamani tulikula kisamvu na dona tukawa na nguvu. Kwenye grupu letu la familia la WhatsApp wapo ba'mkubwa wawili kazi yao ni kutuma zile meseji za vijana mnajiua na chipsi, na ukiwauliza leo kwako kapika nani ni ma'mkubwa kasimama jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri. Nikasema huyu nae wa kundi hilohilo, dawa yake ni akili.

Akili yenyewe ilikua hivi. Karibu na ofisini kwetu kuna mama ntilie anapika wali na samaki wa nazi, nikawa nabeba hotipoti langu asubuhi, mchana ananijazia, jioni narudi nalo nyumbani napakua kwenye sahani zangu. Bibi akauliza nani kapika, nikamdanganya kuna binti mmoja nachumbiana nae, anapika kwao ananipa nije nikuletee. Uongo mtamu ule, bibi alifurahi mpaka akaanza kuuliza ukoo wa binti. Siku ya kwanza kala, ya pili kala, ya tatu kala. Siku ya nne kachukua tonge la kwanza, katafuna polepole, kaweka mkono chini, akasema, "Mume wangu, huyu mke mwenzangu ulonitafutia anatia unga kwenye tui."

Nikajifanya sijaelewa. Akasema nazi moja haiwezi kutoa mchuzi mzito kiasi hiki na ukawa hauna utamu wa nazi, humu mna nusu nazi na kijiko cha unga wa ngano, na binti wa watu anayempikia bibi wa mchumba wake hawezi kufanya hivyo hata awe maskini vipi, anayefanya hivyo ni mtu anayeuza. Nilicheka kwa aibu nikakiri yote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu sahani moja bei gani, nikamwambia elfu tatu, akahesabu kidogo kichwani akasema basi hana jinsi, na yeye ana watoto.

Hiyo kauli ikanipita sikuijali.

Operesheni ikafanyika, jicho la kulia kwanza, haikuchukua hata muda mrefu, nilikua sijamaliza hata soda yangu pale nje naambiwa tayari. Shida ikawa masharti. Mwezi mzima asiiname, asibebe kitu kizito, maji yasiingie jichoni, asikae kwenye moshi wala vumbi, matone mara nne kwa siku. Sasa piga picha, bibi ambae mapishi yake yote ni kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi na kuinamia jiko la mkaa, anaambiwa hivyo vyote haramu. Na chakula cha barabarani hataki. Kwahiyo aliyebaki ni nani? Mi mwenyewe, mwanaume nisiejua hata kuosha mchele.

Nikaazima mbuzi kwa mama mwenye nyumba. Bibi kakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, miwani myeusi ile ya hospitali, kanga mabegani, anaongoza kama nahodha. Nazi yangu ya kwanza nilikuna mpaka kifuu, tui likatoka na vipande vyeusi, akalionja kwa ncha ya kidole akasema hili kamwage ukakune nyingine, mi nikamwambia bibi nazi moja sasa hivi si chini ya elfu moja hapa Dar, akasema ndio ujue kwanini yule mama anatia unga. Tui la kwanza weka pembeni, tia maji kamua la pili, la pili ndo unapikia mchele, la kwanza unamalizia. Hayo anasema hajageuza hata shingo maana na shingo aliambiwa asiikurupushe.

Kitu ambacho sitakisahau ni jinsi alivyokua anajua wali umefika wapi. Mi nataka kufunua kila dakika mbili, yeye anasema acha, unatoa mvuke, sikiliza. Nikamwambia nisikilize nini bibi? Akasema njoo karibu. Na kweli ukitulia unasikia, mwanzo sufuria inachemka kwa sauti nzito blup blup, afu inapungua, afu inaanza kulia kwa mbali kama mtu anakatakata vijiti vidogo. Akasema huo sasa maji yamekwisha unashika ukoko, tia tui la kwanza, funika, punguza moto, palia makaa juu ya mfuniko. Niliwapigia watu watatu simu kuwaambia habari za wali huo. Ulikua mkavu upande mmoja na mbichi kidogo upande wa pili, ila harufu yake, mpaka mtoto wa jirani akaja na bakuli kuomba ukoko.

Kuanzia hapo tukawa tunapika kila jioni na ndo stori zikaanza kutoka, maana mkono ukiwa na kazi mdomo unafunguka. Siku hiyo nachambua mbaazi kwenye ungo, nikamuuliza, hivi bibi wewe chakula cha kununua unakichukia kwanini hasa, ni uchafu, ni nini? Akacheka. Akasema mimi nikichukie? Baba yako kasoma kwa chakula cha kununua.

Mi hii habari nilikua sijawahi kuisikia, na mi ni mjukuu wake wa damu. Kumbe bibi aliuza chakula miaka kumi na kitu. Babu alikua kibarua kwenye shamba la mkonge, na Tanga wakati ule mkonge ndo kila kitu, nchi hii miaka ya sitini ilikua inatoa zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka, inaongoza dunia, afu bei ikaanguka, kamba za nailoni zikaingia sokoni, mashamba yakawa mapori. Babu kazi ikaisha. Bibi akachukua sufuria mbili akaenda kukaa njia ya bandarini, alfajiri, mbaazi za nazi na maandazi, wateja wake makuli. Siku hizo wala hawakuitwa mama ntilie anasema, alikua ni bi fulani anauza mbaazi basi.

Afu ikaja ile miaka ya themanini mwanzoni, baada ya vita vya Kagera, ambayo wazee wetu wote wanaielezea kama ugonjwa. Sabuni hakuna, sukari kwa mgao, unaweka tofali kwenye foleni likushikie nafasi unaenda kufanya shughuli zako unarudi. Ule unga wa njano wa msaada waliouita unga wa Yanga. Unga wa ngano haupatikani, maandazi yakafa, bibi akahamia mihogo ya kuchemsha na mbaazi. Na mbaazi zenyewe tui halitoshi.

"Nikawa natia unga wa muhogo," akasema. Kimya kimya hivyo, mkono unapapasa mbaazi kwenye ungo anatoa mawe ambayo mi mwenye macho sijayaona. "Kijiko kimoja, mchuzi unakua mzito, mtu anaona nazi. Ulidhani mimi nilijuaje ya yule mama wako?"

Afu akanipa nyingine, na hii aliitoa baada ya kimya kirefu. Siku moja mbaazi zilibaki, mvua ilinyesha watu hawakutoka. Kuzimwaga hawezi, mtaji ndo huo. Asubuhi akazipasha, akaongeza chumvi na pilipili kuficha ule uchachu, akauza zote. Alikua na mteja wake mmoja kijana kuli, kila siku lazima apite, kesho yake hakupita. Wala keshokutwa. Siku ya saba ndo katokea, kakonda, kamsalimia shikamoo mama, nilikua naumwa tumbo nusura nife, nipe mbaazi. Hajui. Anamwambia mtu aliyemuumiza.

"Ukafanyaje bibi?"

"Nikamuongezea upawa mmoja."

Hakuna aliyeongea mpaka mbaazi zikaisha kuchambuliwa.

Ndo hapo nikaelewa nilikua nimemsoma vibaya. Mi nilidhani hajui chakula cha mjini, kumbe anakijua toka upande wa pili wa meza. Mi nikiona zege naona chakula, yeye anaona mtu amekaa na mtaji mdogo na kitu kimebaki tangu jana na watoto nyumbani, na anajua kichwani mwake kinapita nini maana kwake kilishapita. Lile swali la anaitwa nani halikua la kimbea. Na ushahidi ninao, maana vitumbua bibi alikua ananunua! Kuna mama anakaanga hapo kwenye kona yetu, siku ya kwanza bibi kanishika mkono nimpeleke, kasimama pale dakika ishirini, wewe mtoto wa nani, kwenu wapi, mchele unaloweka saa ngapi, chachu unatumia gani, ikaonekana mwanamke ni wa Pangani na shangazi yake wanafahamiana, yakaisha, kila asubuhi vitumbua vinne. Kwa hiyo chakula cha nyumbani, kwa bibi, si lazima kitoke jikoni kwake.

Ila nisiwadanganye kwamba wazee wote wako hivyo. Jirani yetu kuna mzee mstaafu wa reli, mkewe alishatangulia mbele ya haki, yeye kila siku usiku ni chipsi kuku, na anazipenda jamani, anafuta mpaka ile foili. Akaja siku moja kumjulia bibi hali, masalkheri bibie, masalkheri, wakaanza mazungumzo ya zamani, mzee anamsifia marehemu alivyokua anapika, samaki wake, mchicha wake, hakuna mwanamke wa sasa anaweza. Bibi akamuuliza kwa upole, wewe hukujifunza hata kimoja? Mzee akasema ukweli mama, nilikua sijui hata chumvi inakaa wapi mle jikoni mwangu, hizi chipsi ndo zimeninusuru. Alivyoondoka bibi akasema huyu anamlilia mpishi anadhani anamlilia mke. Ila kesho yake akaniambia nimpelekee bakuli la mbaazi, na ikawa desturi, na mzee nae akawa anarudisha bakuli na ndizi au chungwa ndani, halirudi tupu.

Na hapa na mi niseme langu, hii sifa ya chakula cha nyumbani mara nyingi wanaoiimba ni wale waliokua wanapakuliwa. Bibi mwenyewe sijawahi kumsikia anaimba. Aliniambia kaanza kukuna nazi ana miaka saba, na kama zingekuwepo hizi mashine za sokoni zamani asingekua na mgongo huu. Nilipiga hesabu pia, ukipika peke yako mchele, nazi, samaki, mkaa, vitunguu, unafika palepale kwenye elfu tatu ya mama ntilie na masaa mawili juu, unafuu unauona mkiwa wawili watatu. Kwahiyo kijana anayekula chipsi sio mjinga. Na jingine, kliniki walivyompima presha ilikua juu, daktari kauliza anakula nini, ikaonekana chumvi tu, maana bibi mchuzi bila ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, kwake ni maji. Ile presha hakuipata kwa zege. Nikamwambia bibi kumbe na cha nyumbani kinaua, akanijibu lakini muuaji namjua jina.

Sasa nikufikishe kwenye siku ya karai. Bandeji imeshatoka siku nyingi, jicho limepona, ukungu hakuna, na mtu akitolewa mtoto wa jicho rangi anaziona mpya kabisa, bibi alikua anashangaa mpaka kanga zake mwenyewe, kumbe hii ni ya zambarau! Jioni tumetoka kutembea kidogo tunapita kwa jamaa wa chipsi, bibi kasimama. Kaangalia lile karai. Mafuta meusi kama chai iliyosahaulika jikoni, povu limesimama pembeni halishuki. Mi miaka saba napita pale sijawahi kuangalia ndani ya karai naapa, naangalia simu.

"Hujambo mwanangu."

"Sijambo, shikamoo bibi."

"Marahaba. Unaitwa nani?" Jamaa akataja jina lake, mtu wa Singida, nikalijua siku hiyo. "Haya mafuta umeyatia lini?"

Jamaa akacheka akanitazama mi, nikatazama barabarani. Akasema bibi haya ya juzi tu. Bibi hakubisha, akamwambia mimi nimeuza chakula kabla baba yako hajazaliwa, mafuta ya juzi nayajua, haya yana wiki. Watu wawili waliokua wanasubiri zege zao wakasogea na wao kuchungulia. Jamaa akaona soko linaharibika, akachukua dumu jipya akamwaga yale mbele yetu. Bibi akavuta kigoda akakaa palepale mpaka mafuta yakapata moto, akaomba chipsi kavu sahani moja, akala vipande kama sita hivi, akasema zinalika, ila viazi ukivikata uvioshe, vinashikana.

Kuanzia siku ile mpaka anaondoka kila jioni alikua anapita pale kusalimia tu. Anaangalia karai, anaondoka. Jamaa akawa akimuona kwa mbali anasimama wima kama mwanafunzi.

Jicho la pili likaahirishwa, wakasema arudi baada ya miezi kadhaa, nikampeleka stendi Mbezi, kanibebesha mbuzi mpya aliyoninunulia Ilala na kifumbu, kanambia huyo mke wa kweli ukimpata usimwache akune peke yake. Kwenye mkoba wake wa safari mlikua na wali na samaki nilivyopika mi usiku ule, kwenye lile kopo la plastiki. Basi likafika Segera akanipigia, nimeshakula mume wangu, chumvi umezidisha kidogo.

Usiku ule nimechoka, nikapita kwa jamaa. Akanisalimia kwa jina langu, maana na yeye alishaulizwa na kuuliza. Akachungulia nyuma yangu.

"Bibi yuko wapi?"

"Kaenda Tanga leo."

Jamaa akapumua, akainama chini ya meza akatoa dumu lenye mafuta meusi akaongezea kwenye karai. Nikamtazama, akanitazama. Akasema, "Kaka, dumu la mafuta unajua limefika bei gani?"

Nikamwambia nifungie mayai mawili mabichi basi. Akanifungia, na viazi viwili akaongeza bure.